Mr. Bean: tuache kusema anapendwa "kwa sababu haongei"

Fundi Redio (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila likitajwa jina la Mr. Bean, hoja inayokuja ni ileile: jamaa anapendwa dunia nzima kwa sababu haongei, kwa hiyo Mchina, Mbrazili na bibi yangu kule Kilosa wote wanamwelewa. Hoja imezoeleka mpaka hakuna anayeipima tena. Leo naipima.

Kutoongea peke yake hakujawahi kumchekesha mtu. Wapo wasanii tele wanaokunja sura, wanaojibwaga chini, wanaopandisha suruali mpaka kifuani, na tunabadilisha stesheni bila huruma. Bean ana vipindi 15 tu. Kumi na tano! Cha kwanza kilirushwa tarehe 1 Januari 1990 na ITV (ya Uingereza, siyo ya Mikocheni), na kufikia 1995 kazi ilikuwa imekwisha. Kuna tamthilia za Kituruki ambazo kwa vipindi 15 mhusika mkuu bado analia msiba wa kipindi cha kwanza. Na bado, ukipanda basi la mkoani leo, konda akichomeka flashi yake, hata waliokuwa wanagombea dirisha wananyamaza.

Hoja yangu: Bean anachekesha kwa sababu ana akili na yuko siriasi na kazi yake. Siyo mjinga. Mjinga anachekesha dakika mbili.

Aliyemuigiza, Rowan Atkinson, kazaliwa 1955 Consett, kaskazini mwa Uingereza, baba mkulima. Akasoma uhandisi wa umeme Newcastle, akaenda Oxford kwa shahada ya pili, hukohuko fani ileile. Oxford ndiko alikokutana na Richard Curtis, mwandishi, na Howard Goodall, mtu wa muziki. Mimi naamini ule uhandisi haukupotea bure.

Chukua kile kipande cha bustanini. Bean kakaa kwenye benchi, pembeni yake jamaa mwenye suti anakula sandwichi yake ya kununua. Bean naye anataka sandwichi. Anatoa mkate mzima kwenye koti, anatoa mkasi, anakata slesi mbili. Siagi anaipaka kwa kadi ya benki. Majani ya saladi anaenda kuyaosha, halafu anavua kiatu, anavua soksi, anayatia majani ndani ya soksi na kuizungusha hewani mpaka maji yatoke. Anatoa samaki wadogo kwenye chupa, wazima wazima, anawagonga kwenye benchi. Pilipili manga anaifunga kwenye leso, anaiponda kwa kiatu. Chai inatengenezwa ndani ya ule mfuko wa mpira wa kuwekea maji ya moto.

Sasa angalia uso wake wakati wote huo. Hakuna hata sekunde moja anayoitazama kamera kukuomba ucheke. Ni fundi kazini. Na kila hatua ukiikagua, inafanya kazi! Soksi kweli inakausha majani. Kadi kweli inapaka siagi. Kasoro ni moja tu: hakuna binadamu aliyewahi kumwelekeza watu wanavyofanya, na yeye hakuona sababu ya kuuliza. Mwisho anapiga chafya, sandwichi yote inakwenda na maji.

La pili, ambalo mashabiki hawapendi kulisema: Bean ni mbinafsi. Ana roho ya korosho. Ile gari ya bluu ya magurudumu matatu, Reliant, kila akikutana nayo lazima ama aisukume, ama aipindue, ama ainyang'anye maegesho. Imemkosea nini? Haijaelezwa popote. Na sisi tunashangilia! Kwa hiyo siyo kwamba tunampenda kwa sababu ni mnyonge. Tunampenda kwa sababu anayafanya yale ambayo sisi tunayafikiria tukiwa kwenye foleni ya benki.

Naleta hoja, ichambuliwe. Matusi pembeni.

Kijiwe Nongwa

Mkuu uzi mrefu kama barua ya posa. Swali dogo: huyu si alishakufa? Niliona kwenye magrupu kabisa, na picha yenye mshumaa.

Mama Junior

Kijiwe Nongwa, huyo hufa kila mwaka kwenye WhatsApp. Ukifungua ile linki unakuta tangazo au virusi. Mwaka 2022 si ametoa ile ya kupambana na nyuki kwenye nyumba ya tajiri, Man vs Bee, ipo Netflix. Maiti haipambani na nyuki.

Kibanda Umiza

Fundi Redio nakupinga, na nakupinga nikiwa na ushahidi.

Nilikuwa na kibanda cha video miaka ya 2000 mwanzoni. Mnazijua picha za Kihindi na za Wachina, zote zilikuwa na DJ wa kutafsiri, bila DJ hupati mteja. Siku ya kwanza kuweka Bean, DJ wangu akashika maiki kama kawaida, "sasa hapa anafikiria, sasa hapa ameshtuka..." Kibanda kizima: "Nyamaza wewe, acha tuone!" Akaweka maiki chini, akakaa na yeye akaangalia. Tangu hapo Bean alikuwa anaingia bila DJ.

Wewe unasema kutoongea hakuna maana. Mimi niliona kwa macho yangu watoto wa shule, mabaharia, mama muuza vitumbua, wote wanacheka sekunde moja. Kwenye picha ya kutafsiriwa, anayejua Kiingereza anacheka kwanza, wengine wanasubiri DJ amalize. Kwa Bean hakuna aliyetangulia. Hiyo siyo ndogo, kaka.

Fundi Redio

Kibanda Umiza, umeleta jambo zito na nalichukua. "Hakuna aliyetangulia" nitaiiba hiyo.

Na nikuongezee silaha: mwaka 1987, kabla kipindi hakijaanza, Atkinson alikwenda kwenye tamasha la vichekesho la Just for Laughs kule Montreal, Kanada. Tamasha lina jukwaa la Kiingereza na la Kifaransa. Yeye akashikilia awekwe jukwaa la Kifaransa. Waandaaji hawakumwelewa, kwa sababu onyesho lake halikuwa na hata sentensi moja ya Kifaransa. Alikuwa anampima mhusika wake: je, watu wa lugha nyingine watacheka? Wakacheka.

Kwa hiyo ukimya ulipangwa, nakubali. Lakini ukimya ni mlango tu. Mbona waliomuiga wote nao hawaongei na hatuwakumbuki hata majina? Lazima kuna kitu ndani ya nyumba.

Mtoto wa Kisauni

Watu wa Bara mwamjadili Bean na hamjui kwamba nusura tumpotezee huku kwetu Kenya. Machi 2001 alikuja likizo na familia yake. Wakapanda kijindege cha kukodi kurudi Nairobi, rubani akazimia hewani. Atkinson hajawahi kusomea urubani. Akashika usukani, akaiweka ndege sawa mpaka rubani akapata fahamu, wakatua Wilson salama.

Hebu fikiria wewe ndiye abiria kiti cha nyuma, unafungua macho unamwona Mr. Bean ndiye anaendesha ndege. Mimi ningeanza kusoma shahada palepale.

Kijiwe Nongwa

😂😂😂 Mtoto wa Kisauni hii ni kweli au umetunga?

Mtoto wa Kisauni

Kweli tupu, magazeti ya Uingereza yaliiandika wakati ule. Sina sababu ya kukudanganya, wala sikudai hela.

Mgosi wa Tanga

Mimi nasema hivi: wazungu wana Bean, sisi tulikuwa na King Majuto, Mungu amrehemu. Amri Athumani, Tanga hiyo. Tumemzika Agosti 2018. Majuto anatembea tu kuingia kwenye fremu, hajasema kitu, tayari mbavu zinauma. Tofauti ni kwamba Bean ametengenezwa na kampuni zenye pesa na akapelekwa nchi zaidi ya 190. Majuto angepewa hiyo nafasi leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Fundi Redio

Mgosi, kwa Majuto sina ugomvi. Lakini nusu ya Majuto iko mdomoni: ile lafudhi, ule ubishi wa kizee, kumjibu mtu kabla hajamaliza. Umpe jukwaa la Montreal, ile nusu inabaki uwanja wa ndege. Siyo kwamba ni mdogo kuliko Bean. Yeye alichagua kuchekesha watu anaowajua, na aliwajua kwelikweli. Bean amejengwa asimjue mtu yeyote. Hana kazi inayoeleweka, hana ndugu, hana kabila, rafiki yake ni kidoli cha dubu ambacho anakibusu na kukilaza. Ukimtoa London ukamweka Morogoro, ataharibu mambo vilevile.

Mwalimu wa Hesabu

Naunga mkono hoja ya akili, nikitumia kipande cha kwanza kabisa cha kipindi cha kwanza kabisa: chumba cha mtihani. Nimesimamia mitihani maisha yangu yote ya kazi na naapa huyo mtu nimemwona, anakuja kila mwaka kwa jina tofauti.

Bean kasoma trigonometria. Anafungua bahasha, anakuta karatasi ya kijani, ni kalkulasi. Hapo ndipo kazi inaanza. Anajaribu kupiga chabo kwa jirani yake kwa kila njia: anajinyoosha, anajikohoza, anapuliza karatasi ya mwenzake ihame. Angalia alivyo makini! Kama angeweka ile nguvu kwenye swali lenyewe angepata alama hata za njia. Dakika za mwisho msimamizi anatangaza: waliofanya kalkulasi waweke kwenye bahasha ya kijani, waliofanya trigonometria kwenye nyeupe. Bean anachungulia ndani ya bahasha. Karatasi ya trigonometria ilikuwemo muda wote.

Anachokitaka ni kitu cha haki kabisa, kufaulu. Anachokifanya ni kazi ngumu kuliko kusoma. Nimewaonyesha wanafunzi wangu, wakacheka sana, halafu wakaanza kutazamana.

Shangazi wa Mjini

Mnamsifu sana. Mimi nina kesi naye, ya Krismasi.

Kile kipindi cha Desemba 1992. Mchumba wake Irma anamwonyesha dirisha la duka la vito: pete, na nyuma ya pete kuna picha kubwa ya wapenzi wanavishana uchumba. Mwanamke anaonyesha kwa kidole, anatabasamu, yaani kamaliza kila kitu. Kinachobaki ni mwanaume kutumia kichwa. Siku ya Krismasi Bean anampa zawadi. Irma anafungua: ni ile picha ya dirishani! Anajikaza. Bean anamwambia bado kuna kingine, anatoa kiboksi kidogo cha pete. Uso wa dada wa watu unawaka. Anafungua: ni kile kindoano cha kutundikia picha ukutani.

Watu wote sebuleni wanacheka, mimi sikucheka. Nilimjua mwanaume huyo. Irma akachukua koti lake akaondoka, na alifanya la maana.

Sasa Fundi Redio, wewe umesema hatumhurumii Bean. Sawa. Lakini unamhurumia Irma? Maana mcheshi wako hapo hachekeshi, anaumiza.

Kijiwe Nongwa

Shangazi nani alikupa kindoano? Tuambie tumtafute.

Shangazi wa Mjini

Hayakuhusu 😂 Ila picha bado ninayo.

Fundi Redio

Shangazi umenibana, na jibu langu ni kwamba nakubali. Kile kipindi ndicho kinachoonyesha ukubwa wa Atkinson. Sehemu ya kwanza anachezea zile sanamu za Yesu kuzaliwa dukani, analeta mpaka kifaru cha jeshi na dinosaria zizini. Katikati anaingiza kichwa ndani ya bata mzinga akitafuta saa yake iliyodondokea humo, kichwa kinanasa, mchumba anabisha hodi, na yeye anapapasa nyumba nzima na bata mzinga shingoni. Umeshacheka mpaka huna nguvu. Halafu anakuletea kindoano. Mtu yuleyule, ubinafsi uleule, safari hii umemgonga mtu mwenye moyo.

Atkinson mwenyewe amemweleza Bean kuwa ni mtoto kwenye mwili wa mtu mzima. Mtoto wa miaka minne ukimwambia mama anapenda "ile pale" dirishani, atanunua kitu kikubwa kuliko vyote kilichopo dirishani. Kwa hesabu zake amempendelea. Sisemi asisamehewe wala asilaumiwe, nasema ndivyo alivyo.

Mzee wa Leicester

Vijana hamjambo. Nimeishi Uingereza tangu miaka ya 80, niruhusuni niongeze historia kidogo.

Kabla ya Bean, mfalme wa vichekesho vya kukimbizana alikuwa Benny Hill. Jina lake halisi Alfred Hawthorne Hill, wa Southampton. Alianza kwenye televisheni miaka ya 50, na kuanzia 1969 alikuwa Thames Television. Kila kipindi kinaisha watu wanakimbizana mbio za haraka haraka na ule muziki wa saksafoni, Yakety Sax, ambao hata nyinyi mnaujua kwa sababu kila video ya kuchekesha mtandaoni wameuweka. Marekani walimpenda mno. Lakini vichekesho vyake vingi vilikuwa ni mabinti waliovaa nusu na wazee wanaowafukuza. Kufikia mwisho wa miaka ya 80 watu wengi walikuwa wameanza kusema hii imepitwa na wakati, inadhalilisha wanawake. Thames wakamwacha 1989. Alifariki Aprili 1992, peke yake, nyumbani kwake.

Sasa angalieni tarehe. Thames hiyohiyo ndiyo iliyokuwa nyuma ya kipindi cha kwanza cha Bean, Januari 1990. Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukafunguliwa, tena jengo lilelile. Na Bean alikuja akiwa safi. Benny Hill sikuwahi kumtazama nikiwa na mama mkwe sebuleni. Bean nilimtazama naye, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akiniita, "njoo, ameanza." Ndiyo maana yuko kwenye mabasi yenu. Konda hawezi kuweka Benny Hill kwenye basi lenye mashehe na masista.

Mama Junior

Safi? Mzee wangu shikamoo, lakini mle hotelini alibaki uchi kwenye korido, anajificha kwa bango huku anatembea kiubavu! Na bwawani kaptula ikamvuka.

Mzee wa Leicester

Marahaba mwanangu. Nakubali alibaki uchi. Lakini yeye mwenyewe aliona aibu kuliko sisi, na hakuna aliyedhalilishwa ila yeye. Kwa Benny Hill aliyekuwa uchi ni mwingine, na yeye anafurahia. Hapo pana tofauti kubwa.

Kibanda Umiza

Mzee umesema kweli. Kibandani kwangu wazazi walikuwa wanakataza watoto kuja, ila siku ya Bean wanawapa hela wenyewe.

Sauti Nzito

Naomba niseme jambo ambalo halichekeshi sana. Mimi nina kigugumizi tangu utotoni. Shuleni walinipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Rowan Atkinson naye ana kigugumizi, na amelizungumzia hadharani. Herufi B ndiyo inayomsumbua. Amesema kwamba akivaa mhusika, kinaondoka. Wanaojua wanajua: hata mimi nikiimba sikwami, nikimuigiza mjomba wangu sikwami, nikitaja jina langu mwenyewe nakwama. Sikilizeni anavyotamka herufi ya B kwenye kazi zake za kuongea, anaikamua kabisa mpaka inakuwa kichekesho. Blackadder, mhusika wake wa miaka ya 80, kuna mtumishi wake anaitwa Bob. Akiliita lile jina mimi huwa narudia nyuma kusikiliza.

Kwa hiyo mnaosema alimtengeneza Bean asiongee kwa sababu hawezi kuongea, mnakosea. Blackadder ni maneno mwanzo mwisho, matusi ya kisomi tupu. Na yule ndege Zazu kwenye The Lion King ya 1994, anayebwabwaja sikioni kwa Simba, sauti ni yake.

Mtoto wa Kisauni

Subhanallah, Zazu ni Bean?! Nimeiangalia na watoto sijui mara ngapi, sikujua.

Fundi Redio

Sauti Nzito, ahsante sana mkuu. Hii inaingia moja kwa moja kwenye hoja: mtu ambaye ana maneno ya kutosha akaamua kuyaweka pembeni. Mwaka 1992 alitengeneza makala ya televisheni akielezea vichekesho vya vitendo kama mwalimu darasani. Akasema mtu au kitu huchekesha kwa njia tatu: kikifanya kisichotarajiwa, kikiwa mahali kisipotarajiwa, au kikiwa na ukubwa usio wake. Basi. Rudini kwenye soksi ya saladi muihesabie.

Baba Mapacha

Wangu wanaangalia ile ya katuni tu. Nikiwawekea ya mtu halisi wanasema "baba huyu ni Bean wa uongo." Nifanyeje?

Fundi Redio

Baba Mapacha pole. Ile ya katuni ilianza 2002 na Atkinson mwenyewe ndiye mwenye sauti, lakini mimi haijawahi kuniingia. Katuni ikikaa juu ya paa la gari na kuendesha kwa kamba, ni Jumanne ya kawaida kwenye nchi ya katuni. Kile kipindi cha 1994 Bean amenunua kochi, haliingii ndani ya Mini yake ya kijani, analifunga juu ya paa, anakaa kwenye kochi na kuendesha kwa ufagio na kamba, rangi za ukutani ziko ndani na yeye yuko juu na suti yake ya kahawia. Pale moyo unadunda kwa sababu ule ni mwili wenye mifupa. Halafu nyumbani anapaka rangi chumba kizima kwa kulipua baruti ndani ya kopo, amefunga kila kitu kwa magazeti, mpaka zabibu mojamoja. Jamaa mmoja alikuwa ameingia kufuata kofia yake, umbo lake linabaki ukutani halijapakwa rangi, na mkono umenyooshwa.

Zabibu mojamoja! Hakuna aliyemlazimisha. Huyo ndiye mhandisi wangu.

Kijiwe Nongwa

Filamu zake je? Ile ya Marekani, ya 1997, mbona hamuitaji? Iliingiza zaidi ya dola milioni 200.

Mzee wa Leicester

Iliingiza pesa, ndiyo. Lakini walimfanya atoe hotuba. Bean anahutubia! Ile ya 2007 ya kwenda Ufaransa wakamrudisha kwenye ukimya wake, ikakaa vizuri zaidi kwangu mimi, ingawa mjukuu wangu anabisha.

Mgosi wa Tanga

Kabla hamjafunga: mnajua Bean alishawahi kuleta ugomvi wa kriketi Afrika? Mwaka 2016 Wazimbabwe waliletewa msanii kutoka Pakistan anayefanana na Bean kwenye maonyesho ya kilimo Harare. Watu wakalipa wakidhani ni mwenyewe. Walikasirika, wakatunza. Oktoba 2022, Kombe la Dunia la T20, Zimbabwe ikaitandika Pakistan kwa mbio moja tu kule Perth, na Rais Mnangagwa akaandika mtandaoni kwamba siku nyingine wamtume Bean wa kweli. Rais wa nchi! Miaka sita wamekaa nalo rohoni.

Kibanda Umiza

Hii imenimaliza 😂😂 Fundi Redio, hapo unasemaje, siyo ubinafsi wala uhandisi, ni watu wanataka haki yao.

Fundi Redio

Nasema msanii feki alikosea nchi. Ukifanya feki ya mtu ambaye kila mmoja ameshamtazama kwa karibu namna ile, utagundulika kwenye nyusi tu.

Dada wa Ubungo

Nimefika nimechelewa, nimesoma wote. Ile ya kanisani inaitwaje? Mama yangu anaiulizia kila siku, ile anayosinzia wakati wa mahubiri.

Mwalimu wa Hesabu

Dada, ni kipindi kilekile cha kwanza cha Januari 1990 chenye mtihani. Mtihani kwanza, halafu ufukweni anabadilisha suruali bila kuvua ya kwanza, kanisani ni mwisho. Kipo kwenye chaneli yake rasmi ya YouTube. Mwambie mama asubiri wimbo: hana kitabu, jirani hataki kumwonyesha cha kwake, anaguguna maneno chinichini ubeti mzima, ila ikifika "Aleluya" anaipasua kuliko kwaya. Kwaya yetu ya mtaani tuna besi mmoja anaimba hivyohivyo.

Dada wa Ubungo

Ubarikiwe mwalimu. Ndiyo namwekea sasa hivi.